Bosi, Tuma Fare

Nairobi kuna sheria moja haijaandikwa kwa katiba lakini kila mtu anaijua. Ukiita mtu, unatuma fare. Ukitaka dem wako atoke Kayole aje akuone Kasarani, unatuma fare, na akiikula asikuje, hiyo ni shauri yako. Ukiita fundi wa mabomba, fare yake iko ndani ya bei hata kama hajaitaja. Ruracio ikiwa Murang'a, familia inakodi mathree. Hata shosho akitaka umpelekee dawa ushago, anakuuliza kwanza kama uko na ya gari. Anayeita ndiye anagharamia.

Kuna mtu mmoja tu hapa mjini anaita watu mia tatu kila asubuhi, siku tano kwa wiki, na hatumi hata shilingi kumi. Huyo ni bosi wako. Na ukichelewa anakuandikia barua.

Leo tuongee kuhusu hii maneno ya kurudi ofisini, kwa sababu naona watu wakubwa wakituchambua kwa TV na kwa LinkedIn kana kwamba hatusikii. Ati vijana wamezoea kulala. Ati Gen Z wanataka mshahara bila kazi. Mimi nasema hivi: wengi wetu hatujakataa ofisi. Tumekataa ile barabara ya kwenda huko, na zaidi tumekataa kuilipia peke yetu.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza kisa cha kwanza cha korona Kenya. Siku mbili baadaye, Rais Uhuru Kenyatta akawaomba waajiri waruhusu watu wafanyie kazi nyumbani. Kabla ya hiyo wiki, ungeuliza HR kama unaweza kufanyia kazi kejani hata Ijumaa moja tu, ungeangaliwa kama mwizi wa kuku. Baada ya hiyo wiki, ghafla ikawezekana. Simu za wateja zikajibiwa, mishahara ikatayarishwa, ripoti zikaandikwa, mtu amekaa kwa kitanda na mtoto analia nyuma yake. Kafyu ikaanza tarehe 27 na bado kazi ikaendelea.

Halafu tukaanza kurudishwa kidogo kidogo. Siku moja kwa wiki. Mbili. Tatu. Halafu memo: kila mtu, siku zote tano. Sababu ni zile zile. Ushirikiano, utamaduni wa kampuni, kuonana uso kwa uso. Sijawahi kuona memo hata moja inataja Rongai. Haitaji mvua, haitaji fare, haitaji saa kumi na moja asubuhi. Inaandikwa kama vile wafanyakazi wote wanalala kwa ghorofa ya juu ya ofisi na wanashuka na lifti.

Mimi si mtaalamu wa chochote. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na saa hii nakula kupitia kamera. Lakini kati ya chuo na kamera nilifanya kazi ya ofisi miezi saba, Westlands, nikitoka Rongai kila siku. Kwa hivyo hii hesabu nitakupea si ya darasani. Ni ya mtu alikuwa anakaa kile kiti cha juu ya tairi, magoti yakigusa kidevu.

Tuanze na masaa. Kutoka kwa mlango wa keja hadi kwa mlango wa ofisi ilikuwa masaa mawili siku ya kawaida. Kungoja gari, jam ya Lang'ata Road, kushuka Railways, kukatiza town kwa miguu hadi steji ya Westlands, kungoja ijae, jam tena. Jioni hivyo hivyo. Masaa manne kwa siku. Kwa mwezi wa siku 22 za kazi, hayo ni masaa 88. Siku ya kazi ni masaa manane, sivyo? Gawanya. Ni siku 11. Yaani kila mwezi nilikuwa nafanya siku 11 za ziada ambazo haziko kwa payslip.

Sasa chukua mwaka. Toa likizo na sikukuu, baki na wiki 48. Siku tano kila wiki, masaa manne kila siku. Inakuja masaa 960. Gawanya kwa 24 upate siku kamili, mchana na usiku. Ni 40. Haizidi, haipungui. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, yaani ikifika hiyo siku anashikwa. Huyu wetu anachukua arobaini nzima kila mwaka, na mwaka ukiisha anaanza kuhesabu upya.

Na usiniambie hayo masaa ni ya kupumzika ama kusoma kitabu. Mtu amesimama kwa laini ya mathree kwa mvua hapumziki. Mtu ameshikilia begi na mikono miwili hasomi. Toa simu karibu na dirisha pale Globe ujibu barua pepe ya bosi, halafu uone kama utafika na hiyo simu.

Tuje kwa doo. Siku bila mvua, ilikuwa 100 hadi town na 50 hadi Westlands. Shilingi 300 kwenda na kurudi. Mara 22, hiyo ni 6,600. Mshahara ulikuwa 25,000 kabla ya makato. Zaidi ya robo ya mshahara ilikuwa inaingia kwa mfuko wa makanga kabla sijanunua hata mkate. Na hiyo ni bila mvua. Rongai wingu likitokea tu upande wa Ngong, mia inakuwa mia na hamsini, na konda hakuulizi kama umelipwa.

Angalia pia hiyo pesa inatoka wapi. Fare unalipa na pesa ambayo tayari imekatwa PAYE, imekatwa NSSF, imekatwa asilimia 2.75 ya SHIF na asilimia 1.5 ya nyumba. Kampuni ikinunua mafuta ya gari lake la kazi, hiyo ni gharama ya biashara, inaandikwa kwa vitabu. Wewe ukinunua nafasi kwa mathree ufike kwa hiyo hiyo biashara, hiyo ni maisha yako ya kibinafsi. Mafuta ni yale yale, barabara ni ile ile, na nyote mnaenda kumfanyia mtu mmoja kazi.

Na fare ikipanda haishuki. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikawekwa 16. Septemba mwaka huo petroli ikapita shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi. Fare ikapanda. Baadaye bei ya petroli ikashuka, EPRA wakatangaza vizuri kabisa tarehe 14 kama kawaida yao, na sisi steji tukaangaliana. Konda hakusikia hiyo taarifa.

Sasa msinione kama naongelea watu wa laptop peke yao. Mshahara wa chini wa mfanyakazi wa kawaida Nairobi, Novemba 2024, uliwekwa shilingi 16,113.75. Chukua mtu wa mjengo ama wa godauni Industrial Area anafanya siku 26 kwa mwezi. Akitumia 200 tu kwa siku, hiyo ni 5,200. Karibu theluthi ya mshahara. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi unaona umati wa watu wakitembea kutoka Kibera na Mukuru, viatu mkononi kukiwa na matope. Sidhani wamejiunga na klabu ya mazoezi. Wamefanya hesabu, na mguu ndio umeshinda.

Wacha nikuambie kuhusu sistangu, halafu turudi kwa mabosi. Yeye ni mhasibu, ako na mtoto wa miaka mitatu, anaishi Ruiru, na ofisi iko Upper Hill. Kwa muda alikuwa anaenda siku mbili kwa wiki. Mwaka jana ikawa tano. Daycare ya mtoto inafunga saa kumi na mbili na nusu jioni, na kila nusu saa ya kuchelewa ni shilingi 100. Anatoka kazini saa kumi na moja kamili. Kwa wiki moja anaweza kulipa hiyo mia mara nne, mara tano. Yaani jam ya Thika Road iko na bei yake, na inalipwa kwa mama mmoja amekaa kwa mlango na mtoto amelala begani. Sistangu hajawahi kuniambia anachukia ofisi. Anapenda kazi yake. Anapenda hata wenzake, jambo ambalo mimi silielewi. Lakini ameanza kutafuta kazi nyingine ya mshahara mdogo, karibu na nyumbani. Hiyo kampuni itampoteza mtu wa miaka sita, na kwa fomu ya kuondoka wataandika "sababu za kibinafsi".

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Si serikali ijenge barabara?" Imejenga. Mwaka 2011 IBM waliuliza madereva wa miji 20 ya dunia kuhusu mateso ya barabarani, na Nairobi ikashika nambari nne. Mwaka uliofuata tukafunguliwa Thika Superhighway. Mwaka huo huo wa 2012 treni ya Syokimau ikaanza. Mwaka 2022 tukapata Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ni barabara safi sana, nimeipita na gari la mtu. Lakini ni ya kulipia, na mathree nyingi zinabaki chini. Kwa abiria wa chini, kitu amepata kutoka kwa Expressway ni kivuli. BRT je? NaMATA iliundwa 2017. Thika Road ikapakwa rangi nyekundu, tukaambiwa hiyo ni laini ya basi za kisasa. Rangi imefifia kabla ya basi la kwanza kubeba mtu.

Na hata wangejenga nyingine tano, angalia ramani ya mathree za Nairobi. Imekaa kama spoki za baiskeli, na town ndiyo katikati. Kutoka Rongai kwenda Westlands, unapitia town. Kutoka Embakasi kwenda Karen, town. Na wote tunaambiwa tufike saa mbili asubuhi. Si saa mbili na nusu, si saa nne. Saa mbili. Watu wote wa mji mzima, kwa mlango mmoja, kwa saa moja. Toka na gari saa nne asubuhi uone Lang'ata Road. Ni barabara ile ile, na unapita dakika ishirini. Kwa hivyo sehemu kubwa ya jam inatengenezwa na saa ya kuripoti, na saa ya kuripoti haiwekwi na serikali. Inawekwa na bosi.

Hapo ndipo watu wa HR wanakujanga na majibu, na nataka niwajibu moja moja, kwa heshima.

La kwanza: "Vijana wanajifunza kwa kukaa na wakubwa." Hii nakubali. Kitu kidogo nilijifunza kwa ile ofisi nilijifunza kwa kusikia mama mmoja wa meza ya pili akiongea na wateja wagumu kwa simu. Hiyo hungeniandikia kwa barua pepe. Lakini huyo mama alikuwa anakuja siku zake, mimi zangu, na bosi wetu alikuwa kwa mikutano. Siku nyingi nilikuwa natoka kejani gizani, nafika Westlands, nafungua laptop, naingia Zoom na mtu ameketi hatua kumi kutoka kwangu, sote tukiwa na vipokea sauti masikioni. Kama unataka tufundishwe, niite siku yenye mwalimu yuko.

La pili: "Nyumbani hakuna mazingira ya kazi." Hii pia nakubali, na wale wanapenda kazi ya nyumbani hawatafurahia nikisema. Wasee wengi wa umri wetu wako kwa bedsitter. Kitanda, jiko na meza viko kwa pumzi moja. Jirani ana subwoofer, stima inapotea, intaneti ni ya kuweka bando. Nimehariri video gizani na simu iko asilimia nne. Ofisi iko na jenereta, iko na kiti cha mgongo, iko na chai ya saa nne na mandazi. Ukiniuliza mimi, ningependa kwenda ofisini siku tatu kwa wiki, bila kusukumwa. Si unaona? Shida haiko kwa kile kiti. Shida ni gharama ya kukifikia.

La tatu, na hili ndilo linaniudhi: "Hamia karibu na kazi." Kwa gani? Kodi ya bedsitter Kilimani, ukienda nayo Ruiru ama Kitengela unapata nyumba ya kulala familia. Anayesema uhamie karibu ndiye anakulipa mshahara ambao hauwezi kukodisha karibu. Lakini ngoja, kwa sababu hapa sheria iko na kitu ya kusema, na ni wachache wanaijua.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inasema mwajiri anafaa kumpa mfanyakazi nyumba nzuri mahali pa kazi ama karibu na mahali pa kazi, ama amlipe pesa ya kodi ya kutosha juu ya mshahara. Soma tena. Karibu na mahali pa kazi. Waliotunga hiyo sheria walielewa kwamba umbali kati ya kitanda na kazi ni mzigo, na wakauweka kwa mgongo wa mwajiri. Kwa nini basi hujawahi kuuona? Kwa sababu kifungu hicho hicho kinaruhusu mkataba useme kwamba pesa ya nyumba tayari iko ndani ya mshahara. Hicho kisentensi kimoja kinatosha. Toa mkataba wako ukitafute. Utakipata kimekaa kimya kabisa, na wewe ulitia sahihi haraka kwa sababu ulikuwa umetarmac mwaka mzima.

Kuna sheria nyingine, WIBA ya 2007, ya fidia kwa watu wanaoumia kazini. Hiyo inasema ukibebwa bure na gari la mwajiri, gari ambalo ametenga la kuwapeleka kazini na kuwarudisha, hiyo safari inahesabika kama uko kazini. Sasa fikiria. Bosi anayewapatia gari anabeba jukumu la safari. Yule amewaacha mpigane steji, mathree ikipinduka Lang'ata Road, atasema hiyo ilikuwa safari yako binafsi. Kwa hiyo mpango, kutojali ndiko kunalipa.

Na usiniambie haiwezekani. Walimu wa TSC wanalipwa marupurupu ya usafiri. Watumishi wa serikali pia. Kwa hivyo serikali inajua kwenda kazini ni gharama, na imeiandika kwa payslip za watu wake. Kampuni nyingi zenye shifti za usiku zinatuma teksi ichukue watu, kwa sababu zinajua saa nane usiku hakuna mtu atakuja. Mtoto wa PP1 anachukuliwa na basi la njano karibu na geti, anafungwa mshipi, anarudishwa kwa mkono wa mtu. Miaka ishirini baadaye, na shahada mkononi, mtoto huyo huyo anaingia kwa mathree kupitia dirisha.

La nne ni la kunifanya nionekane sina utu: "Mkikaa nyumbani, mama wa chapo pale nje ya ofisi atakula nini? Na makanga?" Ni swali la haki. Mwaka 2020 watu wa town waliumia sana, na sitaki kurudi huko. Lakini sijasema tuhamie kejani wote milele. Na pia mtu akifanyia kazi Rongai hafungi. Anakula lunch Rongai, kwa mama wa chapo wa Rongai. Kuhusu makanga, muulize mwenyewe kama anapenda jam. Skwodi iko na target ya mwenye gari kila siku. Wakikwama masaa mawili, hiyo ni tripu imepotea, na ndiyo maana wanaendesha kwa ukingo wa barabara kama wamefukuzwa. Jam ikipungua, wao wanapiga tripu nyingi. Na yule muuguzi wa Kenyatta na yule soja wa geti, ambao hawana siku ya kufanyia kazi nyumbani, wanapata nafasi ya kupita. Kila mtu wa laptop ambaye hayuko barabarani saa moja asubuhi amemwachia mwingine kiti.

Sasa nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinahitaji Bunge.

Moja, anayeita alipe. Ukiandika memo ya siku tano, weka kwa memo hiyo hiyo mstari wa usafiri kwa payslip, ukiangalia mtu anatoka wapi. Kama huwezi pesa, kodisha basi mbili, moja ya Thika Road na moja ya Lang'ata Road. Kama huwezi basi, basi punguza siku. Lakini usichukue zote tatu.

Mbili, fungua saa. Mwingine aingie saa moja atoke saa kumi. Mwingine aingie saa nne atoke saa moja jioni. Wale wa zamu kwa dawati la wateja wapangwe kwa zamu. Hii haigharimu kampuni hata senti. Inagharimu tu yule meneja anayependa kusimama kwa mlango saa mbili akiangalia saa ya mkono.

Tatu, siku ya ofisi iwe na sababu. Timu nzima ije siku moja, mkutano ufanyike mezani, mgeni afundishwe, chakula kiliwe pamoja. Watu wakiwa na kitu cha kuendea, wanakuja. Si mnatuona tukienda Rave ya Thika Road usiku na mvua? Hatuogopi kutoka. Tunachoka kutoka bure.

Na sisi pia tukona kazi. Ukienda intavyuu, usiulize mshahara peke yake. Uliza ni siku ngapi, uliza ni saa ngapi, halafu utoe fare ya mwezi kwa hiyo mshahara kabla hujasema ndiyo. Elfu 30 Westlands ukitoka Rongai inaweza kuwa ndogo kuliko elfu 25 Karen. Tena uliza kwa sauti, mbele ya hao watu watatu wamekaa na maji ya chupa. Mmoja akiuliza ataonekana msumbufu. Tukiuliza wote, itabidi waweke jibu kwa tangazo la kazi.

Kama wewe ni bosi na umefika hadi hapa, nakuomba kitu kimoja tu. Jumatatu moja acha gari nyumbani. Nenda Rongai, ama Githurai, ama Utawala, uwe steji saa kumi na mbili asubuhi na viatu vyako vya ofisi. Pigania kiti. Lipa mwenyewe. Fika kwa meza yako, kaa, halafu fungua ile memo uisome kama umetumiwa wewe.

Wengine wote, niandikieni hapa chini: unatoka steji gani, unaamka saa ngapi, na fare yako ya mwezi ni ngapi. Nitazijumlisha zote kwa posti ijayo na niwatumie watu wa HR kama invoisi.